Nilimwandikia Fundi Makochi Kwamba Watazamaji Wapo

Admin, jina langu libaki kwako. Majina ya wengine nimeyabadilisha, maana Tarime tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa hisabati, mjane. Ninaishi Nkende na mjukuu wangu Boke, mwenye miaka ishirini na nne. Nyumbani kwetu hasa ni Matongo, lakini mahali ilipokuwa nyumba yangu sasa ni eneo la mgodi. Siku tuliyohama, mvua ilinyesha na chumba tulichoahidiwa mjini kikawa kimepewa mtu mwingine. Fundi mmoja wa makochi, Mwislamu ambaye baba yake alitokea Tanga, alihamisha mbao zake nje na kutupa stoo yake. Tulikaa pale miezi mitatu. Hakuchukua kodi. Nitamwita Baba Zuhura.

Boke anaendesha mashindano ya mpira wa kwenye simu. Vijana wanachezea ukumbini, na watu wanatazama mubashara mtandaoni. Mwaka jana alitafuta mdhamini. Baba Zuhura alipoelezwa alicheka sana.

"Yaani wanacheza mpira wamekaa? Basi wakae kwenye makochi yangu!"

Halafu akanigeukia. "Mwalimu, mimi mambo ya mtandao siyajui. Hao watazamaji wapo? Wewe niandikie tu, nitaamini."

Nilimwambia nitapima kwanza. Nilimfundisha Boke kwamba idadi ya waliofungua siyo idadi ya wanaotazama. Anayefungua na kuondoka palepale anahesabiwa sawa na aliyekaa hadi mwisho. Kwa mwenye tangazo, cha maana ni wangapi wapo kwa wakati mmoja, na wanakaa muda gani. Kila baada ya dakika tano tuliandika namba iliyokuwa kwenye kioo. Waliofungua walipita elfu nne. Waliokuwepo kwa pamoja hawakuwahi kufika mia mbili.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Matongo kwenye msiba. Nikapita kwenye banda la kuchajia simu kumsalimia mwenye banda, niliyemfundisha darasa la sita. Juu ya benchi kulikuwa na simu kama thelathini, zote zinaonyesha mashindano ya Boke, sauti zimezimwa. Wenyewe walikuwa mashambani na machimboni.

"Shikamoo Mwalimu. Boke ametuomba tukiwa tunachaji tuziwashie mpira. Bando ananunua yeye."

"Sasa nani anaangalia?"

Akatazama huku na huku. "Labda huyu kuku, Mwalimu."

Nilicheka, na kicheko kile kinanichoma mpaka leo. Miaka ile wathamini walipokuja kwa ajili ya mgodi, wapo wenzetu waliojenga vibanda visivyolala mtu na kupanda miche iliyobanana, ili vihesabiwe kwenye fidia. Huku tunaita kutegesha. Mimi nilikataa kutegesha. Nikahesabiwa pungufu: uzio wangu wa mkonge haukuandikwa, wala mihogo ya bondeni. Nilitembea na kiburi cha kukataa kule kwa miaka mingi. Na sasa mjukuu wangu alikuwa ametegesha watazamaji.

Nilimuuliza. Hakukana. "Bibi, kila mtu anafanya. Halafu kule kijijini Kisaka simu moja inatazamwa na watu wanane, mtandao unahesabu mmoja. Hao saba mbona huwahesabu?"

Nililitafuna neno hilo siku mbili. Nikajiambia kwamba uongo wa kuongeza ni mdogo kuliko uongo wa kupunguza. Nikachukua kalamu, nikamwandikia Baba Zuhura kwamba watazamaji wa mashindano yale ni zaidi ya elfu nne. Sikusema waliofungua. Nikasaini, na chini yake nikaandika "Mwalimu wa Hisabati."

Alidhamini. Akatengeneza makochi mengi kuliko alivyowahi kutengeneza, akakodi chumba cha duka mjini Mugumu akayaweka, akisubiri hao watu elfu nne na ndugu zao. Walikuja wachache, wengi wao kuuliza bei tu. Mafundi wawili amewarudisha kwao. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba anajilaumu mwenyewe. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, au vitambaa vyangu vimeshapitwa na wakati? Niambie ukweli."

Nikamwambia vitambaa ni vizuri. Huo ndio ukweli pekee niliompa.

Sasa fainali inakaribia, naye anataka kudhamini tena. Anasema mara ya kwanza watu walikuwa wanamzoea. Ili pesa ipatikane, amepata mnunuzi wa shamba lake la Kisaka, shamba pekee alilonalo, na mnunuzi anakuja Jumamosi. "Namba si ulizipima wewe?" ameniambia. "Ningekuwa na wasiwasi kama angezipima mwingine."

Nilimwambia Boke kwamba nitasema. Alilia. "Bibi, nitaitwa tapeli mpaka Sirari. Na hao mia na ushee wa kweli, ambao nimewatafuta mmoja mmoja, nao wataondoka. Halafu aliyesaini ni wewe, siyo mimi." Hajakosea. Hao mia na ushee ni kazi yake halali, na mdhamini mdogo angewatosha, kama tungemwambia mtu namba yao tangu mwanzo.

Nimekwenda karakana kwa Baba Zuhura mara mbili nikiwa nimeshapanga maneno. Mara zote mbili alivuta kochi jipya, akafuta vumbi la mbao kwa kofia yake, akaniambia, "Kaa hapa Mwalimu, hili bado halijakaliwa na mtu." Nikakaa. Nikanywa chai. Nikarudi nyumbani.

Mimi najua mtu anavyokuwa anapopita kando ya ardhi iliyokuwa yake. Nishaurini, wanangu. Niende peke yangu kabla ya Jumamosi nibebe kosa lote, au nimchukue Boke tukaseme pamoja, hata kama jina lake litaharibika angali kijana? Na wewe utakayeniandikia kwamba ninyamaze, nieleze pia nitakaa vipi kwenye makochi yale baada ya shamba kuuzwa.