Tisheti Niliyoiomba Emali

Pale Emali nilikuta watu wakiandamana barabarani, wote wamevaa tisheti yenye picha ya kijana anayetabasamu. Nikadhani ni mgombea ubunge. Mimi na vya bure hatupitani, nikajipenyeza hadi kwa mama mmoja, nikamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hizi tisheti zinagawiwa wapi?"

Akaivuta yake nione vizuri. "Huyu ni kijana wangu. Aliambiwa anaenda ng'ambo kulinda duka, akapewa bunduki akapelekwa vitani. Tunataka arudishwe akiwa bado hai."

Nimezunguka nchi nyingi, lakini sikutarajia kukuta vita vifuani mwa watu wa hapa Makueni. Nikaanza kurudi nyuma, nikimweleza kwamba mimi ni mwandishi, maandamano siyawezi, nitawasaidia kwa kuandika.

Akanishika mkono. "Utaandika ukitembea."