Siku Mke Wangu Alipogeuzwa Mwandishi wa Mapenzi

Ninafundisha kemia katika shule ya kutwa karibu na Kianjokoma, na jioni ninaandika hadithi za mapenzi. Kwa miaka mingi ni watu wachache tu waliojua hilo la pili, maana vitabu vyangu hutoka kwa jina la mwanamke. Si kwamba niliona haya. Mchapishaji wangu wa kwanza alipomaliza kusoma muswada alinipigia simu akasema, "Mwalimu, hadithi ni tamu, lakini nani atanunua mapenzi kutoka kwa mwalimu wa kemia?" Nikampa jina la marehemu nyanya yangu, ambaye hakuwahi kusoma riwaya hata moja na ambaye kwake mapenzi yalikuwa mtu kukukatia nyasi ya ng'ombe bila kuombwa.

Ugonjwa huu niliambukizwa na dada yangu. Alikuwa akirudi likizo kutoka shule ya bweni na vitabu vya mapenzi vilivyopita mikononi mwa wasichana wengi hadi vikapoteza majalada. Vingine vilikuwa vimepoteza hata kurasa za mwisho. Dada alizililia kurasa hizo, mimi nikamtungia nyingine. Tulikuwa tukikaa nje tukichambua mbuni, ile kahawa ya maganda iliyoanikwa juani, nami ninamsimulia jinsi mambo yalivyoishia. Nikithubutu kuwaachanisha wapenzi, ananirushia kahawa usoni.

"Rudia," anasema. "Huyo hawezi kumwacha."

"Lakini alimdanganya."

"Basi aombe msamaha. Kwani hana mdomo?"

Siku moja nilikuwa nimefika mahali pazuri sana pa kuomba msamaha, mvua ikanyesha, na hatukuiona mpaka mbuni ikaanza kuelea. Baba hakutaka kusikia habari za msamaha hata kidogo.

Nimesoma vitabu vya kila aina tangu hapo, vya upelelezi, vya majini, vya vita. Ila ni vya mapenzi tu ninavyolazimika kuvitetea. Mwenzangu wa fasihi pale staffroom hunicheka. "Hivyo vitabu vyako mwisho wake unajulikana kutoka ukurasa wa kwanza," huniambia. Mimi humjibu kwamba hata harusi mwisho wake unajulikana, na bado yeye huchanga, huvaa suti, na huenda kukaa kwenye jua mpaka jioni. Msomaji haulizi kama watapatana. Anauliza watapitia wapi, na nani atajifanya mjinga njiani.

Mke wangu ndiye mtu pekee aliyewahi kunishinda katika mabishano haya, kwa sababu habishani. Ni mzaliwa wa Githongo, ana duka la agrovet, na siku nzima anawaeleza watu habari za minyoo ya mbuzi na mbegu za mahindi. Kitabu changu kipya kikifika, hufungua ukurasa wa mwisho, husoma akiwa amesimama, halafu hunirudishia. "Wameoana," husema. "Vizuri." Basi, amemaliza.

Ndipo ikaja ile simu ya Ishiara. Mama mmoja, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza mikutano, alijitambulisha kuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Kila wakikutana, alisema, wakishamaliza mambo ya chama wanasomeana vitabu vyangu kwa sauti. Namba walipewa na mchapishaji.

"Sasa nipe mama mwandishi niongee naye," akasema.

Ningesema ukweli papo hapo. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Yuko shambani."

"Mwambie tunamchinjia mbuzi Jumamosi. Asikatae."

Nilipomweleza mke wangu, aliendelea kupanga chupa za dawa ya kupe. "Wewe ndiye umenipeleka shambani," alisema. "Wewe ndiye utanitoa." Tukakubaliana twende wote, na nikifika tu nijitambulishe kabla hata ya kuketi.

Tulishuka na gari letu kuukuu, tukaacha nyuma baridi ya chai na kahawa, tukaingia joto la Mbeere, iliko Ishiara, na masweta yetu. Sikupata hata nafasi ya kuzima injini. Akina mama walitujia wakipiga vigelegele, wakafungua mlango wa upande wa mke wangu, wakamfunga leso mpya kiunoni na kumpeleka hadi kwenye kiti chenye mito miwili na kitambaa cha kufumwa. Mimi nilifuata nyuma nikisafisha koo ili nianze kujitambulisha. Mwenyekiti akanishika mkono kwa upole.

"Dereva, wewe pita huku nyuma," alisema. "Wazee wanachoma nyama."

Nilimtazama mke wangu anitetee. Yeye alikuwa anatazama ile mito. Nilimwona akiamua. Akaketi.

Basi nikajikuta kando ya moto na wanaume wawili, nikigeuza mbavu za mbuzi, huku mke wangu akiulizwa maswali kuhusu maisha yangu. Walizungumza Kiswahili kwa ajili yake, maana Kimeru cha Githongo huwapita watu wa huku kama upepo, na pale motoni nilisikia kila neno.

"Mama, hao wanaume wa kwenye vitabu unawatoa wapi?"

"Ninawatunga," alijibu bila kufikiri. "Wangekuwepo, si ningeolewa na mmoja?"

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mzee aliyekuwa akigeuza nyama alitikisa kichwa.

"Huyu mama ana mdomo," aliniambia. "Ana bwana?"

"Anaye," nikasema.

"Maskini." Akanikatia kipande cha ini, kama mtu anayemfariji ndugu wa marehemu.

Kule mbele mama mwingine aliuliza, "Na unapata wapi wakati wa kuandika na kazi za nyumbani?"

"Ah, ninajibana tu," alisema mke wangu. "Mzee wangu yeye ni kukaa mezani na makaratasi. Ng'ombe akilia, hasikii. Ukimwita, anasema ngoja nimalize sentensi."

Hapo alikuwa anaongea nami, si nao. Ukweli ni kwamba alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Mimi ningewapa hotuba. Walipomuuliza kwa nini vitabu vyote vinaisha vizuri, nilikuwa tayari kwa aya mbili zenye mifano. Yeye alisema, "Kwani mwisho mbaya mmeukosa nyumbani, mpaka muununue?"

Mambo yaliharibika mwenyekiti aliposimama na kitabu mkononi.

"Hapa tumebishana mikutano miwili," alisema. "Huyu msichana ametoka saluni asubuhi, nywele zimenyooshwa. Mvua inanyesha. Halafu anamkimbilia yule mwanaume barabarani, hana mwavuli, hana kitambaa. Mama, ulikuwa na maana gani?"

Mke wangu, ambaye alijua tu kwamba wameoana, alivuta mto mmoja akauweka sawa. Akatazama juu. Akatazama leso. Mwishowe akanyoosha kidole kuelekea moto.

"Hilo muulizeni dereva."

Wote wakageuka. Nilisimama, mafuta yakinitiririka mpaka kiwiko, ini bado shavuni. "Ni mimi niliyeandika," nikasema. "Vyote."

Nilianza kuhesabu hatua za kufika garini. Kisha mama mmoja mzee, mnene, aliyeketi chini kwenye mkeka, akapiga paja lake kofi.

"Si niliwaambia!" alipiga kelele. "Nilisema hii mambo haikuandikwa na mwanamke! Ati umetoka saluni na unakimbia kwa mvua? Hata kama ni parapanda imelia, unafunika kichwa kwanza!"

Kicheko kilipotulia waliniletea kiti cha plastiki, wakanihukumu. Sijawahi kuhakikiwa namna ile. Kwa nini msichana alichemsha githeri ya mahindi makavu na maharagwe, na ikaiva kabla mgeni hajamaliza kikombe kimoja cha chai? Kwa nini mashujaa wangu wote ni mayatima, hakuna msichana aliye na mama mkwe? Na yule aliyejifungua mwishoni mwa sura, sura iliyofuata yuko benki na viatu virefu, mtoto ameachiwa nani? Nilijaribu kusema kwamba hadithi ya mapenzi huruka mambo fulani. "Ruka," alisema mwenyekiti, "lakini usiruke mtoto."

Halafu yule mama wa kwenye mkeka aliniuliza, bila kucheka, "Na mwanaume mzima, kwa nini mapenzi?"

Aya zangu mbili ziliniponyoka. Nikawaambia habari za baba yangu. Sikuwahi kumsikia akimwambia mama neno tamu. Mama alipolazwa hospitalini, baba alikuwa anafika mapema kuliko saa ya kuwaona wagonjwa, anakaa nje kwenye benchi na chupa ya uji magotini. Akiruhusiwa kuingia, anamwambia kwamba amemkamua ng'ombe vizuri kabla ya kuondoka nyumbani. Ni hilo tu. Nilisema kwamba mimi huandika watu wanaoyatamka yale ambayo watu wetu huyameza.

"Wangu aliyameza mpaka tukamzika nayo," yule mama alisema. Wengine waliguna, na mmoja akamgusa bega. Kisha akainua kidole. "Sasa niandikie moja. Mwanamke awe kama mimi. Mjane, anauza ndengu, magoti mabaya. Na mtu asife. Mimi nimeshazika wa kutosha."

"Na mwanaume awe vipi?" nikauliza.

"Awe anasikia."

"Awe na gari!" mwingine akadakia.

"Punda na mkokoteni inatosha," alisema. "Lakini punda awe wake, si wa kuazima."

Tuliagana tukiwa na kilo kadhaa za ndengu na mguu wa mbuzi, ambao alipewa mke wangu. Tukipanda kurudi kwenye baridi yetu nilimlaumu kwamba aliniacha motoni. "Nilikungojea uje useme," alijibu. "Wewe ulikuwa unakula maini."

Kitabu cha muuza ndengu sasa kimefika sura ya tano, na hakuna kazi iliyowahi kuniendea polepole hivi, maana kila sura ninaituma Ishiara kwa simu na inasomwa mkutanoni. Mwanamke hakimbii popote, kwa sababu ya magoti. Githeri inawekwa jikoni ukurasa mmoja na inaiva kurasa nyingi baadaye. Wiki iliyopita mama wa mkeka alinipigia mwenyewe.

"Mwalimu, huyo mwanaume wa kwanza mwondoe. Anaongea sana."

Nimemwondoa. Wa pili ameingia sokoni na punda wake, amesimama mbele ya magunia ya ndengu, na mpaka sasa amesema maneno mawili tu, yote ya kuuliza bei.