Conférence yangu ya Wayunani wa kale hapa Nyabiondo, na tipoyi iliyobebwa bila mtu

Wakuu, salamu toka Masisi. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo mkono umeniwasha. Kiswahili changu ni cha Kivu, mtanivumilia. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sikutia.

Mimi ni prof wa historia kwenye sekondari moja hapa Nyabiondo. Msianze kuniheshimu bure, huku kila anayefundisha sekondari anaitwa prof.

Nina ugonjwa mmoja: napenda mambo ya kale ya kando ya bahari ya Mediterania. Wamisri, Waroma, na Wagiriki, wale ambao Biblia inawaita Wayunani. Wenzangu wananicheka sana. "Prof, sisi tunakimbia vita kila kukicha, weye unawaza Waroma!"

Bon. Likizo iliyopita nikaamua kufanya exposition ya picha na conférence, yaani mhadhara, kwa watu wote, si wanafunzi tu.

Padri akanipa salle ya paroisse, ukumbi wa parokia. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka hapa senta akaniazima groupe yake ya umeme kwa ajili ya projecteur. Picha kubwa nilizichapisha Goma kwenye bâche, yaani turubai, zikaja nyuma ya pikipiki zimeviringishwa kama mikeka. Moja ilifika imejaa matope, hekalu zuri la mawe meupe likawa na rangi ya njia ya Masisi.

Nilitegemea watu wachache, salle ikajaa. Sijidanganyi, mvua ilikuwa inanyesha na senta haikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Picha ambayo watu hawakuiacha ni ya jiwe la kaburi la Wayunani. Mwanamke amekaa kwenye kiti, mwanaume amesimama mbele yake, wameshikana mikono. Nyuso zimetulia kabisa.

Kila mtu aliniuliza swali lile lile: kati yao nani amekufa? Nikawaambia ukweli, kwamba mara nyingi hata wasomi wanabishana. Wamama walibaki pale muda mrefu, wananong'onezana.

Kwa hiyo nilipopanda kuongea, nikaacha mahekalu na meli nilizokuwa nimeandaa, nikaongea juu ya namna wale watu walivyozika.

Nikaeleza desturi ya mji wa Athene. Wakati wa vita, walikusanya mifupa ya watu wao, wakaipeleka kaburini mbele ya mji wote. Na katika yale maandamano walibeba kitanda kimoja kimetandikwa vizuri, kitupu. Kile kilikuwa cha wale ambao miili yao haikuonekana.

Nikasikia mvua kwenye mabati tu.

Ngojeni kwanza niwaeleze jambo moja la kwetu, la sivyo hamtaelewa.

Huku, mtu akipotea na mwili usionekane, jamaa nyingi ninazozijua hazifanyi kilio. Kilio ni zile siku ambazo watu wanakaa kwa wafiwa, wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka, wanalia pamoja. Halafu nywele zinanyolewa, maisha yanaanza tena. Bila mwili, hakuna. Kumlilia mtu ambaye hujaona amekufa ni kumuua kwa mdomo, ndivyo tulivyolelewa.

Na kwenye benchi ya nyuma alikuwa amekaa Mama Sifa.

Mama Sifa analima maharagwe na muhogo kwenye mlima unaotazamana na shule yetu. Bwana yake alienda Walikale kuchimba mawe ya madini. Vita vikaanguka kule, wachimbaji wakatawanyika msituni. Wengine walirudi, yeye hapana. Sifa, binti yao, alikuwa bado mgongoni. Leo ni mwanafunzi wangu.

Miaka yote hiyo huyu mama hakuwahi kulia mbele ya watu. Alikatazwa. Si mjane, si mke. Wajane wa kanisa wana kikundi chao, hakuweza kuingia. Akionekana sokoni na uso wa huzuni anaambiwa, nyamaza, unamuitia bwana yako kifo. Jamani, hilo ni jambo la kumwambia mtu?

Akainua mkono.

"Prof, aksanti. Ile kitanda haina muntu, bibi ya ule mwenye alipotea balimuruhusu kulia?"

Nikamwambia ndiyo. Wanawake wa jamaa walikuwa pale kaburini, wanalia. Imeandikwa.

"Hata bila kuona mwili?"

"Hata bila kuona mwili, Mama."

Akakaa. Lakini shemeji yake akasimama. Ni Papa Bahati, kaka mkubwa wa yule aliyepotea, na ndiye mwenye neno la mwisho katika ile jamaa.

"Prof, mi nilikuja kuangalia picha. Sasa unataka kuniulia ndugu? Bayunani yako balikufa zamani. Ndugu yangu iko muzima!"

Akatoka, akaingia kwenye mvua. Mama Sifa akamfuata, kichwa chini.

Wakuu, nilimaliza ile conférence haraka-haraka. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba nimemfanyia yule mama ubaya, kwamba sasa atachungwa kuliko zamani.

Nyumbani mke wangu akasema, "Uliulizwa, ukajibu. Ulitaka umudanganye?" Haikunituliza hata kidogo.

Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja niko darasani, namuona Papa Bahati amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikasema moyoni, leo nimepatikana.

Alingoja mpaka wanafunzi wakatoka.

"Ile kitanda," akasema, "balikuwa banaibeba namna gani? Ku mabega?"

Nikamwambia kitabu kinasema tu kwamba kilibebwa. Mabega ni mawazo yangu.

"Kama tipoyi?"

"Nafikiri kama tipoyi, Papa."

Kwa wasioijua: tipoyi ni kitanda cha miti na kamba. Ndicho tunachobebea wagonjwa kutoka milimani, kwa sababu gari haifiki kule.

Akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamepanda juu. Akaniambia maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo.

"Prof, mi njo mukubwa ya jamaa. Nikisema amekufa, nani atabakia kumungojea? Njo maana nilikataa, haikukuwa roho mubaya. Lakini ile siku, ku njia, shemeji aliniambia: Papa, tuko bawili tunamungoja, na hata jina yake hatuisemi. Njo maana nimekuja kwako."

Mdomo wangu hauna breki. Nikauliza, "Na akirudi?"

"Akirudi atakuta tulimulilia. Nani anaweza kasirika juu ya hiyo?"

Jumamosi iliyofuata jamaa yote ikakusanyika, na majirani, na padri. Tipoyi ilitengenezwa kwa bambou mbichi, ikatandikwa kitenge kipya. Mtu mmoja alileta koti la marehemu (nimuite hivyo sasa) aliweke juu. Papa Bahati akakataa. "Tukitia koti, tutazika koti." Ikabaki tupu.

Kutoka nyumbani mpaka shamba walipozikwa wazee wao ni kupanda tu. Wabebaji walikuwa vijana wa mlima, watu waliozoea kubeba wagonjwa. Lakini hawakuzoea hii. Ilikuwa nyepesi mno. Wakaenda haraka, ikawa inaruka-ruka mabegani, mmoja wao akacheka kile kicheko cha aibu. Mimi nyuma nikatamani ardhi inimeze. Nikawaza, haya ndiyo niliyoyaleta na vitabu vyangu, tumegeuza msiba wa watu kuwa mchezo.

Papa Bahati hakufoka. Alienda mbele, akamgusa yule aliyecheka, akaingia mahali pake chini ya mti wa tipoyi. Akaanza kutembea namna unavyotembea na mgonjwa mahututi. Polepole, unapima kila jiwe. Wengine wakashika hatua yake.

Kuna kona moja pale mlimani ambapo wabebaji siku zote wanasimama, kwa sababu uzito umewachosha. Tulipofika, Papa Bahati akasema, "Bega."

Wakasimama. Wakainua kile kitanda kitupu, kwa nguvu za mikono yote miwili, wakakiweka bega lingine.

Hapo ndipo Mama Sifa alipolia.

Alilia kwa jina. Alimuita bwana yake jina lake, kwa sauti, mlima mzima ukasikia, na watu waliokuwa wanalima ng'ambo wakaacha majembe. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Sifa akamshika kiunoni, naye anamlilia baba asiyemkumbuka. Mimi na ndevu zangu nililia. Papa Bahati alilia huku amebeba, machozi yanashuka mpaka shingoni, hakuachia mti ili ajifute.

Tulipofikisha tipoyi makaburini na kurudi, kilio kikafanyika kama inavyotakiwa, moto nje, mikeka ndani. Nywele zikanyolewa. Sasa Mama Sifa anakaa na wajane kanisani, na juzi nilimsikia kwenye robinet, pale bombani tunapochota maji, anacheka na wenzake, kicheko cha kweli.

Wapo hapa senta wanaosema nimeleta desturi za wapagani. Waseme.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nafundisha yale mambo ili watoto wapite Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, nami nijisikie msomi. Kumbe wale watu wa kando ya ile bahari walipotelewa na watoto wao kama sisi tunavyopotelewa, na walihangaika kama sisi mpaka wakapata namna ya kulia. Sikuwahi kuwafikiria hivyo, na nimewasoma maisha yangu yote.

Sasa nyie, popote mlipo, mtu wenu akipotea na mwili hauonekani, mnafanyaje? Andikeni hapa chini, hata kwa kunipinga, nitasoma yote.

Siulizi kwa kupiga soga. Tangu siku ile kuna jamaa zingine zimekuja kwangu, wengine toka Kitshanga kwa pikipiki. Wanataka kujua Wayunani walikuwa wanangoja muda gani kabla ya kubeba kile kitanda. Nimetafuta kwenye vitabu vyangu vyote, sijaona. Na hivi ninavyoandika kuna mama mmoja amekaa kwenye benchi yangu pale nje, anangoja nitoke nimjibu.