Kikombe cha Mama

Mama alipoteremka kutoka mlimani kuja kukaa kwangu mjini, mtaa wa Mafiga, nguo zilimpwaya. Alikuwa amepona malaria lakini hamu ya kula haikurudi. Nilimpikia maharage, kunde, mbaazi za nazi. Alimega matonge mawili, akasukuma sahani. "Nimeshiba, mwanangu."

Mdogo wangu, anayeishi Kihonda, akaja Jumamosi na kopo la unga wa protini wa soya na mbaazi. Akakoroga vijiko viwili kwenye uji vuguvugu, akakaa mkekani karibu na mama. Mama alimaliza kikombe chote.

"Mtamu kweli," akasema. "Mdogo wako ana mkono wa mapishi."

Mimi nina miaka hamsini na sita, nimempikia mama tangu nikiwa msichana, na sikumbuki kuambiwa nina mkono. Tangu siku hiyo kila jirani aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa habari za uji wa mdogo wangu.

Nikagundua kwamba akiunywa asubuhi, mchana hagusi chakula changu. Nikampigia mdogo wangu simu.

"Unga wako unamkatia mama hamu."

"Basi mpe baada ya kula, dada, siyo kabla. Unashibisha ule."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Nikaficha kopo nyuma ya gunia la mkaa, nikawa nampa mama uji mtupu katika kikombe kilekile. Siku nne. Mama alikunywa bila neno, na kwenye chakula changu hakuongeza hata tonge moja.

Siku ya tano mdogo wangu akaja. "Mama, unga unautumia?"

Nilisimama mlangoni, nikisikiliza.

"Kila siku," mama akajibu.

Mdogo wangu alipoondoka, mama akaniita. "Nilijua tangu kikombe cha kwanza. Unga ule una ladha yake."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Yule akinipa uji anakaa, tunaongea. Wewe unaweka sahani, unarudi jikoni. Kula peke yangu sijazoea."

Nikalia, mtu mzima mimi. Kesho yake tulikula sahani moja, ugali na kisamvu cha karanga, akafikisha matonge sita. Baadaye nikamkorogea unga wake, kijiko kimoja. Mwezi haukuisha mashavu yakaanza kujaa.

Mdogo wangu nilimweleza ukweli mimi mwenyewe, kwa simu. Alikasirika sana. "Umemchezea mama kwa sababu ya wivu?" Akakata simu, na wiki mbili hakuja.

Siku zote hizo mama alikula vizuri, mimi nikiwa pembeni yake. Lakini kila alipomaliza alinawa, akaniuliza, "Mdogo wako anakuja lini?" Nami nilijibu kwa upole kwamba atakuja tu, huku moyo unaniuma vilevile.