Mahindi Ndani ya Jeneza

Kwa miaka ishirini Muthama alikuwa maiti. Alikuwa Marehemu Ngele, mzimu wa filamu za vichekesho anayefufuka kudai muthokoi wake, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, na kila mtu mjini Mutomo alizijua filamu hizo tangu zikiuzwa kwenye CD hadi zilipohamia kwenye simu. Kanisani hakupewa uongozi wowote, kwa sababu akisimama kuomba, waumini walicheka kabla hajafumba macho. Naye hakujua kukataa. Akiambiwa, "Fufuka kidogo tuone," alifufuka, iwe sokoni au matangani. Aliita jambo hilo ukarimu. Lilikuwa udhaifu.

Mtengeneza filamu alipohama, alimwachia jeneza la kuigizia. Mbao zilikuwa ngumu, panya hawakuzipenya, basi Muthama akahifadhi mahindi humo.

Binti yake Kavata alikuwa ameachwa na wachumba wawili waliosema hawaoi kwa mzimu. Kwa hiyo Jumamosi ile wakwe wa tatu walipofika kutoka Malili na mbuzi wa ntheo, ambao wasipochinjwa na kuliwa nyumbani kwa msichana, Mkamba hahesabu ndoa, Muthama alivaa koti la marehemu baba yake na kuapa kutochekesha mtu.

Mbuzi walifungwa kando ya boma. Wageni wakapakuliwa muthokoi kwanza.

"Mkwe," akasema Mwau, mjomba wa bwana harusi, "tumetoka mbali hivi na marehemu hatujamwona?"

"Leo mimi ni baba wa msichana."

Kavata aliinua macho, akamtazama kwa shukrani.

"Kidogo tu, mzee! Ama umeanza kuringa?"

Wote wakapiga makofi. Muthama alitabasamu, na hapo alikuwa ameshashindwa. Alilivuta jeneza kutoka ghalani, akayamwaga mahindi kwenye turubai, akajilaza na kufunika kifuniko. Kikafunguka polepole.

"Nani amekula muthokoi wangu?"

Mwau alicheka hadi akashika mbavu. Simu zilikuwa juu. Ni Syokau tu, nyanya wa bwana harusi, aliyeweka bakuli chini.

"Mahindi niliyokula yametoka humo?"



"Nyanya, ni mchezo," Muthama akasema, akiwa bado amekaa ndani. "Hakuna maiti aliyewahi kulala humu."

"Wewe umelala sasa hivi. Nimekuona. Aliyelala jenezani hutakaswa kabla ya kugusa chakula cha watu. Wewe ni nani aliyekutakasa?"

"Sisi ni watu wa kanisa, nyanya."

"Hata mimi ni wa kanisa. Lakini silishwi kutoka kwenye jeneza." Akageuka. "Mwau, fungua mbuzi."

Mwau aliacha kucheka, akawafungua. Bwana harusi alitazama viatu vyake mpaka akaitwa garini.

Kavata alikusanya mabakuli. "Baba, si ulikuwa umeshakataa?"

"Walikuwa wamefurahi, mwanangu."

"Ulikuwa umeshakataa."

Pikapu iliwaka, mbuzi wakilia nyuma. Mwau akatoa kichwa dirishani, simu mkononi. "Lakini mzee, ile ilikuwa kali! Tupungie!"

Mkono wa Muthama ukainuka wenyewe, vidole vimekunjwa, kichwa kikaanguka upande, ulimi nje, vilevile alivyokuwa akifanya Marehemu Ngele mwishoni mwa kila filamu. Mle garini wakaangua kicheko.

Alipogeuka, Kavata alikuwa amesimama mlangoni na mabakuli yake, amemwona. Aliingia ndani, akafunga mlango.