Msiba wa Nyanya Kumi

Nilipohitimu chuo kikuu na shahada ya usimamizi wa maji, baba mdogo alichinja mbuzi. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa Ntalikwa, kwenye nyumba yake, nasimamia maji ya ndoo mbili. Barua zangu za kuomba kazi hazikujibiwa hata kwa matusi. Baba mdogo analima tumbaku Goweko, na yule mbuzi hajamsahau.

"Hapo nyuma ya nyumba pana nafasi," aliniambia. "Panda nyanya. Nikija nikazikuta zimesimama, kiwanja lima utakavyo. Nikizikuta zimekufa, unakuja kwangu kwenye tumbaku."

Nilipanda mashina arobaini. Nilizimwagilia kwa kikombe cha chai, nikiandika kila shina limekunywa vikombe vingapi. Ndipo dada yangu akapanga kuolewa Bukene, katikati ya kiangazi, na mimi nikatakiwa huko siku sita.

Nani angemwagilia? Niliwachambua majirani wote kwa siku tatu. Mmoja husahau, mwingine hujifanya hakusahau. Mwisho akabaki mama mmoja Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli. Mimi Mnyamwezi. Anayejua utani wetu ameshaona nilipokosea. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kuku na kukuzika ungali hai, na ukikasirika, wewe ndiye huna adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kujirudisha mwenyewe?"

Nilimkabidhi kurasa nne za maelekezo. Alizigeuza juu chini.

"Hii hati ya nyumba?"

"Ni utaratibu wa kumwagilia, mama."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu pwani, hawakuandikiwa hata mstari mmoja. Wewe kopo la maji unaliandikia kitabu!"

Sikumwamini. Kwa hiyo mashina kumi yaliyonawiri zaidi nilimwambia asiyaguse. Kwenye kila moja nilipindua chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, ili maji yadondoke polepole, kama nilivyoona kwenye video. Na kwa kuwa mimi ni msomi, ndani ya kila chupa niliongeza mbolea, vijiko vitatu. Video ilisema kimoja. Nilifikiri siku sita ni nyingi.

Siku ya pili nikiwa Bukene nilimpigia simu.

"Nyanya zinaendeleaje, mama?"

"Zimekufa. Tunasubiri wewe tu ulete sanda."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Siku ya tatu akasema wameshazika, nije kuanua tanga. Nikajua ni utani. Halafu nikawaza: mtu aliyeua kweli nyanya za mtani wake angesemaje? Angesema hivyohivyo. Kamati ya harusi ilinipa kazi ya kupanga viti, nikavipanga mistari ya mashina kumi kumi. Mama mkubwa mmoja alimwuliza dada kama mimi ndiye niliyeachwa na mchumba.

Asubuhi ya harusi yenyewe nilipanda basi, nikarudi Ntalikwa. Dada yangu mpaka leo akiniona ananikaribisha kama mgeni, na soda ananiletea kwenye sahani.

Nilimkuta jirani amekaa juu ya ndoo mbele ya nyanya, kanga kiunoni. Aliponiona akaangua kilio.

"Uuuwi! Mfiwa amefika! Waliondoka wangali vijana!"

Mashina kumi ya chupa yalikuwa yamekauka, majani yameungua pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Yale thelathini aliyokuwa akimwagilia yeye, kwa kopo, kwa maji aliyosuuzia mchele, yalikuwa yamenifika kiunoni, na maua juu.

"Karatasi zangu ulizisoma?"

"Ziliwasha jiko vizuri sana, mtumwa wangu. Wino wako una nguvu."

Nilikuwa bado nang'oa maiti baba mdogo alipofika, Jumapili, na suti yake ya kanisani. Alizunguka bustani, kisha akasimama kwenye yale kumi.

"Haya yameuawa na nini?"

Nilianza kumweleza jinsi chumvichumvi za mbolea zinavyovuta maji kutoka kwenye mizizi. Nilieleza vizuri. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukieleza vizuri tangu nihitimu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na haya mazima?"

"Hayo nililea mimi," jirani akajibu. "Haya yaliyokufa alilea msomi."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika mti wa kamba ya nguo. Kisha akamwambia yule mama kiwanja alime yeye. Mama akajibu kwamba alishakichukua tangu siku ya tanga, alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Nikatafuta pa kukasirikia. Hapakuwepo.

Sasa niko Goweko, kwenye kitalu cha tumbaku. Miche ya tumbaku, kwa taarifa yenu, humwagiliwa kila siku. Baba mdogo aliponikabidhi keni ya kumwagilia nilimwuliza ni lita ngapi kwa kila tuta, na kama upepo unabadilisha hesabu.

"Asubuhi na jioni," alisema, akaondoka.

Juzi jirani alipiga simu. Nyanya zimeiva, na ya kwanza ameila kwa niaba yangu. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Tamu, marehemu. Tamu sana."