Alama Chini ya Kombe

Mimi ni mtu wa kusugua. Nilizaliwa Tanga, kwenye nyumba ambayo sufuria yenye masizi ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na marehemu mama alitufundisha kazi hiyo kwa majivu, mchanga mwembamba na kipande cha gunia, mpaka uone meno yako kwenye sufuria. Nimeishi Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, miaka mingi, madukani kuna sabuni za kila rangi, na bado siziamini. Usafi huo ndio ulioniponza.

Mimi na mume wangu, ambaye ni kinyozi, tulipanga vyumba viwili vya uani kwa bibi mmoja wa Kireno. Mtaa mzima ulimwita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi, naye akaitika. Kisukari kilikuwa kimemaliza macho yake. Alikuwa akiijua nyumba yake kwa vidole, na ukisogeza kiti bila kumwambia utasikia maneno yake.

Kombe la mpira ninalolisimulia lilikuwa lake. Babu yake, mtu wa kisiwa cha Madeira, alikwenda Marekani zamani, wakati mpira wa miguu kule ulichezwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wengi wao Waingereza na Waskoti waliovuka bahari na mchezo wao. Timu ya kiwanda chake ilishinda kombe la mji mara nyingi hata ikaachiwa liwe lake moja kwa moja, na majina ya wachezaji yakachongwa na sonara kuzunguka tumbo lake, herufi zenye kina. Babu yake Gogo alicheza mechi zote zile, lakini jina lake halikuchongwa. Msimamizi alisema nafasi imekwisha. Mzee mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Kwenye daftari la mshahara alikuwa akitia alama yake tu. Siku moja akachukua msumari, akaikwaruza alama ile ile chini ya mguu wa kombe, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kiwanda kilipofungwa na vitu vyake kuuzwa kama vyuma chakavu, akalinunua, akarudi nalo kisiwani. Mwanawe ndiye aliyelileta Johannesburg.

Gogo alitusimulia hayo siku aliyolitoa gereji. Alikuwa amechoka kusikia mume wangu na wenzake wakibishana uani, Watanzania na Wakongo, nani anajua mpira. Akawaambia walishindanie kombe hilo, mshindi akae nalo mwaka mzima nyumbani kwake. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwaka, Jumapili ya kabla ya fainali, kombe lirudi mezani kwake aipapase alama ya babu yake. Babu mwenyewe alimwonyesha akiwa mtoto, kwa kumshika kidole. Hakuna picha ya mzee huyo, wala kaburi ambalo Gogo aliwahi kulifikia. Alichobakiwa nacho ni hiyo alama.

Mwaka ambao timu ya mume wangu ilishinda, kombe likakaa juu ya kabati letu la vyombo, nikalitandikia kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kila Ijumaa nililipangusa vumbi. Kulipindua sikuwahi.

Ile Jumamosi kabla ya siku ya Gogo niliona limefifia, nikasema halitarudi kwa mwenyewe likiwa chafu, watu wakasema Waswahili hawajui kutunza kitu. Majivu niliyapata kwenye mbaula, jiko la makaa la jirani, mchanga kwenye kifusi cha mafundi waliokuwa wakijenga ukuta wa nyumba ya pili. Nikakaa uani nikasugua tumbo, mikono, mguu, juu na chini, huku nikiimba. Lilipokauka likang'aa hata mimi nikajisifu.

Mume wangu alitoka, akalishika, akalipindua.

“Eish, mama watoto. Ile alama iko wapi?”

Niliogopa. Sitaficha neno, niliogopa mpaka nikakaa juu ya ndoo. Nililigeuza kombe kwenye jua upande huu na upande ule. Majina ya wale Waingereza yalikuwepo yote, yamenawa uso. Chini ya mguu palikuwa laini kama yai.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya nafsi yangu, na naona haya kuisema. Niliwaza vyumba. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinasubiri kufanywa upya, na siku hizo mtaani watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu wageni waliokuta magodoro yao barabarani. Gogo akitufukuza, nani atatupangisha? Hofu ya pili ilikuja baadaye, nikiwa napika, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikiona moyoni kile kidole cha Gogo kikitafuta.

Mume wangu alileta msumari. “Kwaruza mistari miwili mitatu hapo, yaishe. Kwani anaona?”

Niliuchukua. Nikauweka mahali pake, nikabonyeza, nikangoja mkono uanze. Haukuanza, maana sikujua nichore nini. Kombe lilikaa kabatini kwangu mwaka mzima na sikuwahi hata siku moja kuitazama alama ya mtu yule. Nikamuuliza mume wangu ilikuwaje. Naye hakujua.

Jumapili Gogo aliporudi kanisani tulimpelekea. Mume wangu aliweka kombe mezani, halafu akakumbuka ana mteja. Duka lake hufungwa Jumapili. Nikabaki peke yangu, naye Gogo ananukia sabuni ya kuogea ya siku ya kanisa na amevaa kikoti chake kizuri.

Alianza tumboni, kwenye majina, haraka, kama mtu anayewasalimia asiowapenda. Kisha akalilaza kombe mapajani na kidole kikaingia chini ya mguu. Kikapita. Kikarudi. Akakilamba ncha akajaribu tena, na nikaona anadhani kosa ni la kidole chake. Hapo nilishindwa. Mficha uchi hazai.

“Gogo, ni mimi. Nimelisugua kwa majivu na mchanga, ikafutika.”

Nilisikia saa ya ukutani na gari zikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Nilikwisha kuanza kuhesabu moyoni mabunda ya nguo zetu na nani atatuazima gari.

“Majina ya wale wengine yapo?” akauliza.

Nikasema yapo yote.

“Ya wale hayafutiki,” akasema.

Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nikalia, ingawa sikuwa na haki ya kulia kabla yake. Halafu akaniuliza kama nina msumari. Ulikuwa kwenye mfuko wa gauni langu, tangu jana yake. Akaniambia nimpe kiganja. Akachora kwa ukucha wake polepole: mstari mmoja mrefu, duara dogo juu yake, na mistari mifupi ikiukata katikati. Mmoja, wa pili. Kidole kikasimama hewani.

“Miwili,” akasema. “Au mitatu. Nilikuwa nikiigusa tu, sikuwahi kuihesabu.”

Nikakwaruza miwili. Mstari mrefu ukapinda. Akaipapasa muda mrefu, akasema babu yake alikuwa na mkono mzito zaidi, akaniomba chai. Kuhusu vyumba hakusema neno, si siku ile wala nyingine.

Gogo alifariki kipindi cha baridi kilichofuata, kwa hiyo hakuna tena wa kuuliza kama ilikuwa miwili au mitatu. Jambo hilo huniamsha alfajiri. Fainali ya mwaka ule timu ya mume wangu ilishinda tena, lakini msimu huu walioshinda ni Wakongo wa mtaa wa Turffontein, na nililipeleka kombe mwenyewe. Mke wa nahodha wao alilipokea kwa furaha, akaligeuza kwenye mwanga, akasema limechafuka lakini nisijali, Jumamosi atalisugua vizuri.

Nikamshika kidole, nikakiingiza chini ya mguu wa kombe, nikakizuia hapo.

“Hesabu,” nikamwambia.